Ombasha au Koplo? Umri wa Maneno katika Riwaya ya Kihistoria

Utangulizi

Neno afande halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji yeyote wa Kiswahili. Husikika kila siku vituoni na makambini, na hata mtoto mdogo analijua. Ombasha, neno lililoingia katika lugha yetu kwa mlango huo huo wa jeshi, limetoweka, na anayelisikia leo huenda akadhani kwamba ni jina la mtu au la kijiji. Maneno haya mawili ni ndugu. Yote mawili yalitumika katika jeshi la Waturuki. Yakapokewa na jeshi la Misri. Na mwaka 1889 yakafika pwani yetu pamoja na askari Wasudani ambao Hermann von Wissmann aliwaajiri huko Misri ili wapigane na Abushiri bin Salim. Moja limeishi, ingawa limeacha kuwa cheo na kuwa neno la heshima. La pili limekufa pamoja na jeshi lililolitumia.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lenye kuwahusu watunga kamusi peke yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba linamgusa kila anayeandika, anayetafsiri au anayesoma riwaya ya kihistoria. Swali letu ni hili: mwandishi anayesimulia mambo ya mwaka 1905 au 1914 atumie maneno ya wakati gani? Na akitumia maneno yaliyozaliwa baada ya wakati huo, ni nani anayepata hasara?

Swali halikuzuka hewani. Hivi karibuni ulipita mezani petu mswada wa riwaya juu ya Vita vya Maji Maji. Ndani yake jumbe wa mwaka 1905 anawahimiza wenzake watunge "mkakati" wa kupambana na "ukoloni". Hadithi yenyewe ilikuwa nzuri, na mapenzi na mapigano yalikuwa yamesukwa vizuri. Lakini tulipofika kwenye hotuba hiyo, jumbe yule alitoweka mbele ya macho yetu, na mahali pake akasimama mjumbe wa semina. Mwandishi hakukosa peke yake. Maneno yote mawili yamo katika kamusi, na kamusi haikumwambia umri wake.

Riwaya tutakayoifanya mfano ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka mwaka 2020. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini wahusika wake wengi ni wasemaji wa Kiswahili, na vita vyake vilipiganwa katika ardhi yetu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, inaunganisha mapenzi, vita na fumbo kwa namna ambayo riwaya chache zimefaulu kufanya. Pili, mwandishi wake ameanza kurudishwa nyumbani: Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kwa hiyo suala la maneno gani ya Kiswahili yatumike kusimulia zama za Wajerumani limo mikononi mwetu sasa.

Mapenzi, vita na fumbo

Wauzaji wa vitabu hupenda kuzigawa riwaya kwa mafungu: hizi za mapenzi, hizi za vita, hizi za upelelezi. Istilahi ya mwisho ina kasoro inayofaa kusahihishwa. Riwaya ya upelelezi ni ile yenye mpelelezi. Muhammed Said Abdulla alituzoesha aina hiyo tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipotolewa mwaka 1960: Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni akishangaa. Lakini ziko riwaya ambamo jambo limefichwa na linatafutwa bila ya kuwako mpelelezi wa kazi. Katika Afterlives anayetafuta ni mpwa, na anayetafutwa ni mjomba aliyekwenda vitani asirudi. Kwa hiyo tunaona afadhali kusema riwaya ya fumbo, na kuifanya riwaya ya upelelezi kuwa aina mojawapo ndani yake.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Katika mji mmoja wa pwani ambao mwandishi hakuutaja jina anaishi Khalifa, karani wa mfanyabiashara, pamoja na mkewe Bi Asha. Anafika kijana mmoja, Ilyas, aliyechukuliwa na askari utotoni akalelewa na kusomeshwa kwa Wajerumani. Ilyas anakwenda kumtafuta dada yake Afiya, anayeishi kwa taabu kijijini, anamleta mjini, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha vita vinakuja. Ilyas, anayewapenda Wajerumani kwa sababu walimfadhili, anaingia katika jeshi lao na kupotea.

Upande wa pili yuko Hamza, kijana mwingine aliyeingia jeshini kwa hiari yake. Anafanywa mtumishi wa ofisa mmoja wa Kijerumani, anafundishwa Kijerumani, anajeruhiwa kwa upanga na mmoja wa wakubwa wake wa Kijerumani, anauguzwa katika misheni. Vita vinapokwisha anarudi pwani akichechemea, hana mtu. Anapata kazi kwa mfanyabiashara Nassor Biashara, anakaribishwa na Khalifa, na hapo anaonana na Afiya. Wanaoana. Mtoto wao wanampa jina la mjomba aliyepotea, na kwa jina hilo fumbo linaingia tena ndani ya nyumba.

Mhakiki akiuliza ni nini kinachoyafunga mambo haya matatu yasiachane, jibu la haraka litakuwa ni ukoo. Sisi tunaona kwamba ni maandishi. Afiya, baada ya kurudishwa kijijini kaka yake alipokwenda vitani, anapigwa na kuvunjwa mkono kwa sababu imegunduliwa kwamba anajua kuandika. Na ni karatasi aliyoiandika kwa mkono uliobaki inayomfikia Khalifa na kumwokoa. Hamza anatangaza mapenzi yake kwa kumwandikia Afiya beti za Schiller alizozitafsiri kwa Kiswahili. Na Ilyas aliyepotea anaonekana mwishoni katika makaratasi ya Ujerumani. Karatasi inaokoa, karatasi inaposa, karatasi inafumbua. Katika riwaya ya namna hii neno si nguo ya hadithi tu. Neno ndilo hadithi yenyewe, na anayelibadilisha anabadilisha tukio.

Maneno ya vita

Gurnah ameyaacha maneno ya jeshi kama yalivyokuwa. Askari wake wanaamriwa na maombasha na mashaush, na juu yao yuko efendi. Hakuyafasiri kwa vyeo vya Kiingereza, wala hakuona haja ya kusimama kila mara ili kuyaeleza. Mfasiri wa Kiswahili ana kishawishi kikubwa zaidi kuliko msomaji wa Kiingereza, kwa sababu yeye anavyo vyeo vilivyo tayari: koplo, sajini, luteni, kapteni. Je, asiandike koplo, neno linaloeleweka na kila mtu?

Tunasema asiandike, na sababu yetu si ushabiki wa mambo ya kale. Koplo na sajini ni maneno ya jeshi la Waingereza. Kwa Tanganyika yalishika mizizi baada ya Wajerumani kushindwa. Ombasha, kwa asili yake ya Kituruki, ni mkuu wa watu kumi. Ndani ya neno hilo mna historia nzima ya jinsi jeshi la Wajerumani lilivyoundwa: si jeshi la Wajerumani kwa damu, bali la Wasudani walioajiriwa Misri, wakafuatwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, wakiamriwa kwa Kiswahili chenye vyeo vya Kituruki chini ya maofisa Wazungu. Ukiandika koplo, unaifuta safari hiyo yote. Msomaji ataona jeshi la kawaida la kikoloni, na hatajiuliza watu hawa walitoka wapi na walifikaje.

Linganisha na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, nayo riwaya ya mapenzi na hatari katika Zanzibar iliyo chini ya Waingereza. Wanaomwinda Denge, mpigania uhuru anayependwa na Yasmin, ni Inspekta Wright na Koplo Matata. Hapo inspekta na koplo ni maneno ya haki kabisa, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakitamkwa katika mitaa ya Unguja zama zile. Koplo Matata akiitwa ombasha itakuwa kichekesho. Ombasha wa mwaka 1907 akiitwa koplo ni kichekesho kile kile, ila tumekizoea, na kwa hiyo hatucheki.

Vyeo ndiyo mfano ulio wazi. Iko mifano iliyojificha zaidi, nayo ndiyo yenye madhara, kwa sababu neno limebaki na maana imehama. Hebu tuitazame michache.

Askari. Katika zama za riwaya hii askari alikuwa mtu wa bunduki wa serikali, mwenye kuogopwa na kijiji kizima. Leo neno hilo limetanuka hadi kwa polisi na kwa mzee anayelinda lango usiku. Mfasiri hana neno bora kuliko askari, lakini itambidi auoneshe uzito wake wa zamani kwa yale yanayolizunguka neno hilo, asitegemee neno lenyewe peke yake.

Hela. Leo ni fedha kwa jumla. Wakati ule ilikuwa sarafu yenye thamani maalumu, iliyoletwa na Wajerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Mhusika wa mwaka 1910 akisema hana hela, amesema kwamba hana hata sarafu ndogo. Wa mwaka 1890 hawezi kulisema neno hilo kabisa.

Shule. Neno hili tumelipata kwa Wajerumani, ilhali Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilishika skuli. Neno moja tu latosha kumwambia msomaji mwangalifu yuko ng'ambo ipi ya bahari.

Bombomu. Ndivyo watu walivyoiita bunduki ya kufyatua risasi mfululizo, kwa kuufuata mlio wake. Rashasha tunayoitumia sasa ni neno zuri, lakini halina hofu ya mtu aliyeisikia bunduki hiyo mara ya kwanza na hakuwa na jina lake.

Hata jina la adui lina umri. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya uvamizi huo, aliwaita Wadachi. Wajerumani ni jina lililoshinda baadaye. Na jina la vita vyenyewe ni mtego ambao waandishi wengi huanguka. Mhusika aliyeko porini mwaka 1916 hawezi kusema kwamba anapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kuwa hajui kwamba vitakuja vya pili. Kwake ni vita vya Mjerumani na Mwingereza, basi.

Maneno yanayohukumu

Tumefika kwenye kiini cha hoja yetu. Makosa tuliyoyataja hadi sasa yanaharibu picha. Yako mengine yanayoharibu haki.

Swali gumu kuliko yote katika Afterlives ni hili: kwa nini vijana wale waliingia katika jeshi la watu waliokuja kuitwaa nchi yao? Jeshi hilo ndilo lililozima Vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, kwa risasi na kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Gurnah hatoi jibu jepesi. Ilyas anawapenda waliomlea. Hamza ametoka katika nyumba ya mfanyabiashara ambako baba yake alimtoa kwa sababu ya deni, kama alivyotolewa Yusuf wa Peponi, ambaye mwishoni mwa riwaya hiyo anakimbilia msafara wa askari. Zamani hali hiyo iliitwa kuwekwa rehani. Leo tukisikia rehani tunafikiri nyumba na benki. Msomaji asipoambiwa kwamba mtu naye aliwekwa rehani, hatafahamu kwamba kwa kijana kama huyo bunduki ya Mjerumani iliweza kuonekana kuwa mlango wa kutokea.

Sasa tuseme mfasiri ameandika kwamba Hamza "alijitolea" jeshini. Kwa kamusi ni sawa. Lakini kujitolea, hasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kumekuwa neno la sifa. Hujitolea mtu anayejenga shule au zahanati ya kijiji. Kwa neno hilo Hamza amekwisha kutakaswa. Tuseme mfasiri mwingine, mwenye uchungu na nchi yake, amemwita Ilyas "kibaraka". Neno hili nalo lilivuma katika siasa za kudai na kulinda uhuru. Liliundwa kwa hukumu, na halina kazi nyingine. Kwa neno hilo Ilyas amekwisha kunyongwa kabla ya msomaji kufika barazani. Katika hali zote mbili riwaya imekufa, kwa kuwa uhai wake ulikuwa katika kutuacha na vijana wale bila ya kutupa kimbilio la sifa wala la tusi. Kauli ya zamani ilikuwepo nayo inatosha: waliingia uaskari. Haisifu wala hailaani. Inaeleza walilolifanya, na mzigo wa kufikiri inamwachia msomaji.

Huo ndio ubaya wa neno lisilo la wakati wake. Halikosei tarehe tu. Mara nyingi huja na uamuzi wa watu waliozaliwa baadaye, likauweka katika vinywa vya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kujua tunayoyajua. Yule jumbe wa mwaka 1905 aliyeambiwa aseme ukoloni ameporwa lugha yake ya uasi. Yeye alikuwa na lugha: ya kodi, ya viboko, ya akida, ya mashamba ya pamba, na ya maji yaliyotoka Ngarambe. Ilikuwa kali kuliko istilahi yetu, na Kinjeketile hakuhitaji kamusi ya siasa ili watu wamfuate.

Maneno ya mapenzi

Katika mapenzi hatari ni nyingine. Mfasiri au mwandishi wa leo amezungukwa na lugha ya mapenzi ya filamu na nyimbo, ambamo kila kitu husemwa. Afterlives ni riwaya ya watu wanaonyamaza. Afiya humwita Khalifa Baba, na Bi Asha humwita Bimkubwa, na katika majina hayo mawili mna utaratibu mzima wa nyumba: nani amlindaye, nani anayemwogopa, nani atakayeulizwa kwanza posa ikija. Hamza naye ni mgeni mwenye kilema, asiye na ukoo wa kumtaja. Wapenzi wa namna hiyo hawawezi kuambiana maneno ya waziwazi uani.

Ndiyo maana karatasi ya Schiller ni tukio kubwa. Ofisa wa Kijerumani alimfundisha Hamza lugha yake kwa mchanganyiko wa mapenzi na dharau, akijisifu kwamba atamfikisha kwenye kumsoma Schiller. Hamza anaichukua zawadi hiyo yenye sumu, anaitia katika Kiswahili, na kuifanya ya kwake. Hapo vita na mapenzi vinakutana katika mistari michache: lugha ya kambini imegeuzwa kuwa lugha ya chumbani, na aliyefundishwa ili awe mtumishi amekuwa mfasiri. Hatukumbuki riwaya nyingine ambamo kazi ya kutafsiri imepewa heshima kama hiyo.

Fumbo na mwisho wake

Sifa hizo zisituzuie kusema mahali riwaya inapolegea. Fumbo la Ilyas linalelewa kwa subira kurasa nyingi. Mtoto aliyepewa jina lake anasumbuliwa na sauti isiyo yake, na baadhi ya watu wa nyumbani wanaona kwamba ni pepo. Kisha mtoto anakua, anakuwa mtangazaji wa redio, na katika miaka ya 1960 anakwenda Ujerumani kwa masomo. Huko, katika kurasa chache za mwisho, kila kitu kinafumbuliwa: mjomba aliishi Ujerumani baada ya vita, akaimba, akaandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, na mwisho akafia katika kambi ya Sachsenhausen.

Mwisho huo una msingi katika historia. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alikuwa askari akiwa mtoto, akaishi Berlin, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha huko, na akafa Sachsenhausen mwaka 1944. Hatuna ugomvi na ukweli wake. Ugomvi wetu ni kwamba mwandishi, aliyekuwa akitembea, hapa anakimbia. Ndoa ya Ilyas na watoto wake vinatajwa kama vitu vilivyoorodheshwa. Msomaji aliyengoja muda mrefu kuisikia sauti ya mtu huyu haisikii, anapewa ripoti.

Hata hivyo, tulipousoma mwisho huo mara ya pili, uliturudisha kwenye shabaha ya makala haya. Ilyas alianza katika riwaya akizungumza Kiswahili barazani kwa Khalifa. Neno la mwisho juu yake linatoka katika faili la Kijerumani. Nduguze hawakuwa na habari zake kwa lugha yao. Ilibidi mtoto wa dada yake avuke bahari akazisome katika lugha ya waliomuua. Hilo ndilo linalowapata watu ambao lugha yao haikuweka kumbukumbu.

Pingamizi mbili

Zipo pingamizi ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba msomaji wa leo hataelewa. Twajibu kwamba maelfu ya wasomaji wa Kiingereza wamesoma ombasha na shaush bila ya kudhurika, kwa kuwa mwandishi aliyapanga maneno hayo mahali ambapo vitendo vinayaeleza. Anayetoa amri ya gwaride na kutandika watu viboko hahitaji tanbihi. Tusimdhanie msomaji wa Kiswahili kuwa dhaifu kuliko mgeni.

Ya pili ni nzito zaidi. Kiswahili sanifu chenyewe hakikuwako mwaka 1914. Mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Kwa hiyo kila riwaya ya Kiswahili sanifu juu ya vita hivyo imekwisha kuvunja sharti la wakati tangu ukurasa wa kwanza. Tunakiri kwamba ni kweli. Hakuna anayeweza kuandika kwa lugha ya wakati ule tupu, na mwandishi si mlinzi wa makumbusho. Kwa sababu hiyo tunapendekeza sharti jepesi. Msimulizi aliye nje ya hadithi ana ruhusa ya kutumia lugha ya leo. Mhusika hana ruhusa hiyo kwa maneno ya aina mbili: yale yanayotaja vyombo vya zama zake, kama vyeo, fedha, kodi na silaha, na yale yanayobeba hukumu, kama kibaraka, mzalendo na kujitolea. Mengine yote na yapite.

Tamati

Lawama ya mwisho tujilaumu wenyewe tunaokusanya na kutoa istilahi. Tumezoea kutoa orodha zenye safu mbili: neno la kigeni na neno la Kiswahili. Safu ya tatu, ya wakati, hatuna. Neno linapotolewa linaonekana kana kwamba limekuwako tangu zamani, na neno linapokufa linaachwa nje ya orodha kana kwamba halikuwahi kuishi. Mwandishi wa riwaya anapofungua orodha zetu anapata maneno mengi ya kuendeshea ofisi, na hapati hata moja la kumvika askari wa mwaka 1907.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila istilahi inayotolewa itajwe mwaka wake au kipindi chake, hata kwa kukadiria. Pili, ianzishwe kazi ya kukusanya maneno yaliyokufa ya jeshi, kodi, misafara na mashamba, kwa kuyachambua magazeti kama Kiongozi lililotolewa Tanga zama za Wajerumani, na Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, pamoja na tenzi na barua zilizosalia majumbani. Waliopigana vita hivyo hawako tena. Watoto wao ni wachache, nao ni wazee.

Katika jiji la Dar es Salaam iko Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile kwa njaa, maradhi na mizigo. Leo mtu huenda Kariakoo kununua vitenge na vyombo, naye analitaja jina la marehemu hao kila siku pasipo kujua. Lugha imewakumbuka, ila sisi hatukuuliza. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria ndiye anayeuliza kwa niaba yetu, na yatupasa tuwe na la kumjibu.